Shule yataka kuwabakiza watoto hadi saa 11 jioni: je, wataelewa zaidi?

Mzazi wa Pasua, Moshi

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi. Kamati ya shule anayosoma mwanangu wa darasa la sita, ambayo ni shule ya msingi ya serikali hapa Moshi mjini, imeitisha mkutano wa wazazi, na ajenda kubwa ni pendekezo la kuongeza muda wa masomo kwa darasa la tano, la sita na la saba. Kwa sasa kengele ya mwisho inagongwa saa 9:00 alasiri. Wanataka watoto wabaki hadi saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila mzazi achangie shilingi 500 kwa siku kwa ajili ya walimu watakaobaki nao.

Sababu zilizotajwa ni mbili. Ya kwanza ni matokeo ya darasa la saba, ambayo yametuangusha katika Hisabati na Kiingereza. Ya pili ni kwamba sera ya elimu, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na uongozi wa shule unaona kwamba kilichopungua kwenye miaka hakina budi kurudishwa kwenye saa. Nilikaa nikapiga hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo saa 2 za nyongeza kila siku zinafika saa 388 kwa mwaka. Siku moja ya mwanangu ina vipindi 8 vya dakika 40, na hivyo nyongeza hiyo ni sawa na kumwongezea siku 73 za shule kila mwaka. Kwenye karatasi inavutia sana.

Kinachonizuia kukubali mara moja ni mtoto mwenyewe. Anatoka nyumbani saa 12:30 asubuhi kwa sababu makondakta hawapendi kuwapakia wanafunzi wanaolipa nauli ndogo, na asipowahi anaachwa kituoni. Akirudi anachota maji, anamwangalia mdogo wake, kisha anakaa na daftari, na mara nyingi namkuta amelala kichwa kikiwa juu ya meza. Sipingi juhudi za walimu, na wala sitaki mwanangu abaki nyuma ya wenzake. Ninachotaka kujua ni kama mtoto anayekaa darasani muda mrefu zaidi kweli huelewa zaidi, au tutamchosha bure.

Mwalimu wa Hisabati, Arusha

Dada yangu, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu linanigusa moja kwa moja. Nafundisha Hisabati darasa la sita na la saba katika shule ya serikali pembezoni mwa jiji la Arusha, na huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Shule yetu ilijaribu jambo hilihili, hadi saa 11 jioni, kwa miaka miwili. Nitaeleza nilichokiona.

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Walimu tulikuwa na ari, watoto nao waliona wamepewa heshima ya kuwa wakubwa wa shule. Baada ya hapo yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga. La kwanza ni kwamba jioni ilianza kula asubuhi. Kipindi cha saa 4 kikivurugwa na kikao, msiba au mgeni kutoka halmashauri, hapakuwa na haraka tena ya kukifidia, kwa kuwa kila mmoja wetu alijiambia kwamba tutamalizia jioni. Jioni ikifika, watoto wamechoka, nasi tumechoka, na somo lililopaswa kufundishwa akili zikiwa bado zimeamka linafundishwa wakati mtoto anatazama dirishani akiwaza njia ya kwenda nyumbani. Nilipopitia andalio langu la somo la muhula ule, niligundua kuwa mada nilizomaliza hazikuzidi za mwaka uliotangulia.

La pili ndilo lililoniuma zaidi, nalo ni madaftari. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 96. Nikitumia dakika moja tu kwa kila daftari, nahitaji zaidi ya saa moja na nusu kusahihisha zoezi moja, na kazi hiyo nilikuwa naifanya baada ya saa 9, watoto wakishaondoka. Muda ule ulipogeuzwa kuwa kipindi, madaftari yakabaki bila kusahihishwa. Chukueni mfano wa mtoto anayejumlisha nusu na theluthi kwa kujumlisha namba za juu pamoja na za chini pamoja, akapata mbili ya tano. Nikimsahihisha leo, kesho nitamwita mezani nimwonyeshe kwa chungwa lililokatwa, na tutasonga mbele. Nisipomsahihisha, atarudia kosa lile kwa wiki mbili, maswali kumi kila siku, mpaka limkae kichwani kama sheria. Mtoto wa namna hiyo ameongezewa saa, na kila saa inazidi kumpotosha.

Mwaka wa tatu tulibadilisha. Tulibaki na siku tatu kwa wiki, saa moja tu, na hatukuwabakiza wote. Tulitoa jaribio fupi la kutoa kwa kukopa, kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili, na kusoma aya moja ya Kiswahili na kueleza maana yake. Walioshindwa ndio waliobaki, wakapangwa kwa kile wasichokijua, bila kujali wako darasa la tano au la saba. Mvulana wa darasa la saba aliketi na mtoto wa darasa la tano wakijifunza kugawanya, na mwanzoni aliona aibu, lakini kwa kuwa hakuwa peke yake alizoea. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba vipindi vyangu vya asubuhi vilikuwa vyepesi zaidi, kwa sababu sikulazimika tena kusimamisha darasa zima kila nilipofika kwenye kugawanya.

Kwa hiyo usiulize tu ni saa ngapi. Uliza ni nani atabaki, atafundishwa nini, na madaftari yatasahihishwa lini.

Mama wa Mbuyuni, Moshi

Mwalimu, naheshimu uliyoyaeleza, lakini naomba na upande wetu usikike. Mimi nauza ndizi na maparachichi soko la Mbuyuni, na nafika nyumbani saa 1 usiku. Binti yangu ana miaka 13. Kuanzia saa 9 mpaka saa 1 yuko bila mtu mzima, saa nne kila siku, na sina ndugu wa kumwachia. Mnaposema mtoto akapumzike nyumbani, mnazungumzia nyumba yenye mtu mzima ndani.

Tena tuseme ukweli kuhusu hizo saa za ziada. Watoto wa wenye uwezo wameshaziongeza zamani. Wanaosoma shule za kulipia wanarudi na basi la shule jioni, na wanaosoma shule za serikali ambao wazazi wao wana fedha wanakwenda twisheni, wengine kwa mwalimu yuleyule anayewafundisha asubuhi. Anayerudi nyumbani saa 9 bila chochote ni mtoto wangu. Shule ikiamua kuwabakiza wote, angalau binti yangu atapata kile ambacho mwenzake anakinunua. Nikiambiwa kwamba wabaki wanaoshindwa peke yao, nauliza: binti yangu anayefanya vizuri, ambaye hana pa kwenda, naye arudishwe mtaani?

Shilingi 500 kwa siku kwangu ni fedha nyingi, kwa sababu kwa mwezi zinafika karibu elfu kumi, na nina watoto wawili katika madarasa hayo. Pamoja na hayo, nitazitafuta.

Mkaguzi mstaafu, Machame

Wanangu, nimekuwa mwalimu na baadaye mkaguzi wa shule, kazi ambayo siku hizi wanaofanya wanaitwa wathibiti ubora. Swali la mama wa Pasua ni la ushahidi, na ushahidi upo, ingawa hausemi ndiyo wala hapana kwa urahisi.

Nchi iliyofanya jambo hili kwa ukubwa ni Chile. Sheria ya mwaka 1997 iliziondoa shule katika utaratibu wa zamu mbili, yaani kundi moja asubuhi na jingine mchana, na kuwaweka watoto shuleni siku nzima, hivyo saa za masomo zikaongezeka kwa takriban asilimia 30. Serikali iligharimia majengo ya kuwezesha mabadiliko hayo. Watafiti waliofuatilia wanafunzi walikuta kwamba matokeo ya lugha na ya hisabati yalipanda, lakini kwa kiasi kidogo ukilinganisha na gharama iliyotumika. Kulikuwa na faida nyingine ambayo inampa haki mama wa Mbuyuni: wasichana wa familia maskini waliokuwa shuleni siku nzima walipungukiwa na uwezekano wa kupata mimba wakiwa bado wadogo, na uhalifu wa vijana nao ulipungua. Hilo ni jambo kubwa. Ila ni faida ya malezi na ulinzi, nasi tusiichanganye na faida ya kuelewa Hisabati, kwa maana kila moja inahitaji mpango wake na watu wake.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja ya miaka 7 kuwa 6 uko Ujerumani. Katika miaka ya 2000 majimbo mengi yalipunguza mwaka mmoja katika Gymnasium, yaani sekondari zao za kuandaa wanafunzi kwa chuo kikuu, kutoka miaka 9 hadi 8, bila kupunguza mtaala, na kwa hiyo saa za kila wiki zikaongezeka. Wastani wa wanafunzi ulipanda kidogo. Hata hivyo, waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa mbele tayari, na wa chini walifaidika kidogo mno, kwa hiyo pengo kati yao likapanuka. Baadaye majimbo kadhaa yaliamua kurudi kwenye miaka 9. Ukifikiri utaona sababu yake. Saa ya ziada ya mada ambayo mtoto ameshaachwa nyuma humsaidia anayeifuata na kumpita asiyeifuata. Ndiyo maana nakubaliana na mwalimu wa Arusha kuhusu kupanga watoto kwa kile wasichokijua. Nchini Ghana, takriban miaka 15 iliyopita, vijana wasaidizi walipewa kazi ya kuwafundisha watoto waliobaki nyuma kwa kufuata kiwango chao halisi, shule nyingine wakati wa masomo na nyingine baada ya masomo, na watoto wa makundi yote mawili walisonga mbele. Kilichosaidia hapo kilikuwa kumfikia mtoto pale alipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelibeba kwa miaka mingi. Nilikuwa naingia shuleni bila taarifa. Nakuta ratiba nzuri ukutani, azimio la kazi limejazwa, walimu wapo, tena wamevaa vizuri, na madarasa matatu kati ya saba hayana mwalimu ndani. Wengine wako ofisini wanajaza takwimu zilizoombwa haraka, mmoja ametumwa benki, mwingine anaugua na hana wa kumshikia kipindi. Sikuwaona wengi wao kuwa wavivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa kwa kuzitembelea shule za msingi bila taarifa katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ulikuta hali hiyohiyo: mwanafunzi alikuwa anafundishwa kwa wastani chini ya saa 3 kwa siku, yaani zaidi kidogo tu ya nusu ya muda uliopangwa, na sehemu kubwa ya walimu wasiokuwa darasani walikuwa palepale shuleni.

Mama wa Pasua, wewe ni mtu wa hesabu, basi nisaidie hii. Vipindi 8 vya dakika 40 ni saa 5 na dakika 20. Ikiwa nusu yake inapotea, zimepotea saa 2 na dakika 40 kabla hata ya saa 9 alasiri. Ukiongeza saa 2 za jioni zinazopotea kwa kiwango kilekile, umepata saa 1 ya kufundishwa. Ukirudisha nusu tu ya zile zinazopotea asubuhi, umepata saa 1 na dakika 20, mtoto hajalipishwa, hajacheleweshwa, na akili yake haijachoka. Kuhusu uchovu, watafiti wa Denmark waliochunguza mitihani ya taifa ya watoto walichapisha mwaka 2016 kwamba alama zilishuka kidogo kwa kila saa mtihani ulivyosogea kuelekea mchana, na zilipanda tena baada ya mapumziko ya dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo hata huko kwenye chakula na madawati ya kutosha, saa ya tisa ya siku si sawa na saa ya pili. Sisi hapa tunazungumzia mtoto aliyekula makande saa 7, kama mchango wa mahindi na maharage ulitosha, na kama haukutosha hajala kitu.

Msidhani kwamba alasiri za zamani zilikuwa tupu. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alasiri zilikuwa za shamba la shule, bustani na ufugaji, na tulifundisha Hisabati asubuhi kwa kuwa tulijua mchana hatutaipata.

Baba wa Kibosho

Shikamoo mzee. Nina jambo moja tu la kuongeza kutoka huku juu. Jua letu huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni mwaka mzima. Mtoto wa huku akitoka shule saa 11:00 na kutembea zaidi ya saa moja kupanda mlima, anafika kwa shida kabla ya giza, na wakati wa masika njia za vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba, zinateleza na mifereji imejaa, kwa hiyo hafiki. Bado majani ya ng'ombe hayajakatwa. Wazazi wa mjini wakikubali wao, halmashauri isije ikachukua utaratibu wao na kuusambaza wilaya nzima.

Mzazi wa Pasua, Moshi

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Baada ya kusoma maelezo ya mzee na ya mwalimu, jana usiku nilichukua madaftari ya mwanangu na kuhesabu tarehe. Mwezi uliopita ulikuwa na siku 21 za shule. Daftari la Hisabati lina kazi ya siku 12, na kati ya hizo zilizosahihishwa ni 5. La Kiingereza lina siku 9. La Sayansi lina siku 8, na mbili kati yake ni kunakili mchoro mmoja. Nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu madaftari hayo nimekuwa nikiyanunua na kuyajalidi mwenyewe, na sikuwahi kuyasoma kwa namna hiyo.

Mama wa Mbuyuni, sijasahau ulichosema, na sitaki binti yako abaki peke yake ili mwanangu apate usingizi. Nimefikiria tuombe shule ifungue madarasa mawili hadi saa 11 kwa watoto ambao nyumbani hakuna mtu, wafanye kazi zao za nyumbani na kusoma vitabu, chini ya mzazi au mlezi wa zamu badala ya mwalimu. Asiyehitaji aende kwake. Mimi niko tayari kushika zamu ya Jumatano. Kuhusu masomo yenyewe, nitaomba saa moja, siku tatu, kwa wanaoshindwa mambo ya msingi, kama walivyofanya Arusha, na nitaomba tuelezwe kwanza vipindi vya asubuhi vinapotea kwa sababu gani.

Mama wa Mbuyuni, Moshi

Zamu ya Jumatatu nitashika mimi, siku hiyo soko huwa limepoa. Lakini nitasimama na kuuliza mbele ya wote kama mlango utafunguliwa kweli au tutaahidiwa tu, kwa sababu binti yangu hawezi kusubiri muhula mwingine.

Mwalimu wa Hisabati, Arusha

Dada wa Pasua, nakuomba jambo moja kabla hujayapeleka madaftari hayo mkutanoni. Yapeleke pamoja na idadi ya wanafunzi wa mkondo wa mwanao na idadi ya walimu wa Hisabati waliopo shuleni. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kama mwalimu wake ni mmoja kwa mikondo mitatu, siku 12 alizofundisha amezifundisha kwa taabu kubwa, na akiona madaftari peke yake yamewekwa mezani mbele ya wazazi atajua ameshtakiwa, naye hatasema sababu ya zile siku 9. Mfuate Ijumaa, ukaongee naye kabla ya mkutano.